Kabla Hujanunua Antivairasi: Vidokezo kwa Mwenye Kompyuta Nyumbani

Ukinunua laptopu iliyotumika Kariakoo, swali huja kabla hujamaliza kuhesabu pesa: "Nikuwekee na antivairasi, bosi?" Wengi hukubali, wanaongeza kidogo juu ya bei, wanaondoka na amani. Miezi michache baadaye flashi imejaa vitu visivyoeleweka, kivinjari kinaleta matangazo ya kamari, na hakuna anayekumbuka ile antivairasi inaitwaje wala kama bado iko hai.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa kompyuta nyingi za nyumbani ulinzi unaotosha umo tayari ndani ya mashine, na hauna bei. Kinachotuangusha ni kuuzima sisi wenyewe. Nazungumzia zaidi Windows, maana ndiyo iliyo kwenye meza nyingi; wenye Mac na Linux nimewawekea chao karibu na mwisho.

1. Anza na uliyonayo

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kila Windows huja na antivairasi yake ndani, ambayo leo inaitwa Microsoft Defender. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa dhaifu, na jina baya la enzi zile halijaiacha. Hali imebadilika. Kwenye vipimo vya maabara huru sasa inakaa safu moja na antivairasi za kulipia, na haikusumbui kila siku kwa madirisha ya kukutaka ununue toleo kamili.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua. Kila sehemu ikiwa na tiki ya kijani, una antivairasi inayofanya kazi. Ukiona njano au nyekundu, soma kilichoandikwa kabla ya kumpigia fundi simu. Mara nyingi tatizo huisha kwa kubonyeza "Turn on" mara moja.

2. Moja inatosha

Antivairasi mbili hazikupi ulinzi mara mbili. Kila moja inataka kuikagua faili pale inapofunguliwa, zinasubiriana, zinashukiana, na laptopu yenye RAM ya GB 4 inaelemewa. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hujiweka pembeni yenyewe. Siku ukiiondoa hiyo nyingine, iondoe kwa utaratibu kupitia Settings, kisha rudi Windows Security uhakikishe Defender imeamka. Ukitaka maoni ya pili siku una wasiwasi, Malwarebytes ya bure hukagua pale tu unapoiamuru.

3. Kataa kraki, na ukague ilichoacha nyuma

Hapa ndipo kompyuta nyingi za kwetu zinapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hata ukiruka vidokezo vingine, hiki kisome.

Windows au Office isiyo na leseni huamshwa kwa programu ndogo ya magendo, yaani kraki. Maarufu kuliko zote ni KMSpico. Maelekezo yake, popote utakapoipata, yana sharti moja: zima antivairasi kwanza. Fundi naye husema hivyohivyo, kwa upole kabisa: "Kaka, hii Defender tuizime kidogo, inasumbua tu." Inazimwa, programu inaingia, na pamoja nayo kinaingia chochote alichopachika yule aliyeiandaa nakala hiyo. Programu za kuiba nywila zimesambazwa sana kwa kujificha ndani ya KMSpico za bandia, na mtu anayeibiwa haoni dalili yoyote, kwa kuwa Windows yake imeamka kama alivyotaka.

Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Programu za namna hii hupenda kujiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Tiki ya kijani inabaki palepale, nawe unaridhika. Basi fanya hivi leo: fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", bonyeza "Manage settings", shuka mpaka chini kwenye "Exclusions". Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani orodha ile inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda usiyoijua, iondoe. Ukikuta imeandikwa C:\ peke yake, maana yake diski nzima imesamehewa ukaguzi, na huenda imekuwa hivyo tangu siku ulipoitoa mashine dukani. Ukishaondoa, endesha ukaguzi kamili, halafu ule wa Microsoft Defender Offline, unaowasha mashine upya na kukagua kabla Windows haijaanza. Huu wa pili utengee robo saa hivi.

Kuna virusi vya kudai fidia viitwavyo STOP, au Djvu, ambavyo tangu 2018 vimewaandama watu wa nyumbani kuliko makampuni, na njia yake kuu ya kuingia ni kraki. Mtu anafungua kompyuta asubuhi anakuta picha za harusi, tasnifu na hesabu za duka zote zimebadilishwa majina na hakuna inayofunguka. Katika kila folda kuna faili ngeni, _readme.txt, inayomtaka alipe dola 980, au 490 akiwahi ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua faili zilizofungwa na aina 148 za virusi hivyo. Wahalifu wakabadilisha namna ya kutengeneza funguo zao, na waliopigwa na matoleo ya baadaye wengi hawakuambulia kitu. Likikufika, usikimbilie kulipa. Anza na tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, ambako programu za kufungulia hutolewa bure.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi kraki haikuhitajika kabisa. Laptopu nyingi zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo wa leseni uliowekwa kiwandani ndani ya ubao mama. Mwambie fundi aweke Windows safi, toleo lilelile lililokuja na mashine, na ikikutana na intaneti itajiamsha yenyewe. Upande wa Office, LibreOffice haina malipo na inafungua faili za Word na Excel.

4. Flashi iliyotoka steshenari ikaguliwe kwanza

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, mwalimu mwenye mtihani wa kuchapisha, mtu mwenye barua ya kazi: wote wanabeba flashi mpaka steshenari na kurudi nayo nyumbani. Kompyuta ya steshenari imepokea flashi za mtaa mzima siku hiyo. Ukiichomeka yako nyumbani, fungua This PC, bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuikagua kwa Defender, kisha ndipo uifungue.

Dalili ya kawaida ni folda zako zote kugeuka shotikati, zile zenye kimshale kidogo kwenye kona. Usizibonyeze, maana kubonyeza ndiko kunakoamsha kirusi. Wala usikimbilie kufomati. Faili zako kwa kawaida zipo, zimefichwa tu. Acha Defender iondoe kirusi, kisha fungua Command Prompt, angalia flashi imepewa herufi gani (tuseme ni E), andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

ubonyeze Enter. Folda halisi zitarudi kuonekana. Zinakili, halafu ndipo ufomati ukipenda. Wanafunzi wamepoteza kazi za muhula mzima kwa kufomati flashi ambayo haikuwa imepoteza hata ukurasa mmoja.

Kama ni kuchapisha tu, peleka PDF kwa baruapepe. Flashi ibaki nyumbani.

5. Hesabu bando lako kabla ya kuchagua

Makala nyingi za ughaibuni kuhusu antivairasi zinamwandikia mtu mwenye intaneti isiyokatika. Kwetu kompyuta nyingi hupata mtandao kwa kuunganishwa na simu, nusu saa jioni, basi. Hilo linabadilisha uchaguzi.

Antivairasi ya leo hutambua virusi kwa njia mbili: orodha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, na kuuliza seva za kampuni yake papo kwa papo. Defender inategemea sana njia hii ya pili. Ikikatwa intaneti, uwezo wake wa kutambua virusi hushuka waziwazi. AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck nchini Austria, huchapisha kwenye ripoti zake kiwango cha kila antivairasi ikiwa mtandaoni na ikiwa nje ya mtandao. Kama kompyuta yako hukaa siku nyingi bila intaneti huku ikipokea flashi za watu, safu hiyo ya pili ndiyo ya kuitazama, na hapa kununua antivairasi nyingine kuna mantiki kamili.

Tena, ukiwa umeiambia Windows kwamba mtandao wako ni wa kupimwa ("metered") ili isimalize bando, masasisho ya Defender yanaweza kusubiri bila wewe kujua. Fanya desturi: kila unapounganisha, ingia "Protection updates" ubonyeze "Check for updates" mwenyewe. Ukisasisha mara kwa mara, uzito wake huwa mdogo.

6. Mashine kuukuu haiokolewi na antivairasi

Microsoft iliacha kuhudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Defender ya Windows 10 itaendelea kupata orodha mpya za virusi mpaka angalau Oktoba 2028, lakini matundu yatakayogunduliwa ndani ya Windows yenyewe hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa muda wa masasisho ya ziada, ESU. Hakuna antivairasi ya bei yoyote inayoziba tundu la mfumo mzima.

Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ambazo kwa Intel karibu zote huanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi zinazoingia kutoka Ulaya kwa bei nafuu haziko huko. Kabla hujalipa muulize muuzaji ni kizazi cha ngapi, au soma mwenyewe: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Na kama unayo tayari mashine ya kizazi cha 4 yenye afya njema, Linux Mint itaifaa kuliko Windows 10 iliyoachwa.

7. Ukiamua kununua, soma maabara

Nyota za wauzaji hazina maana. Kuna maabara zinazopima kwa kuachia virusi halisi kwenye kompyuta na kuhesabu vilivyopenya: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, AV-Comparatives niliyoitaja, na SE Labs ya Uingereza. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa utumikaji, jumla 18. Antivairasi nyingi hufika 17 au 18, kwa hiyo tofauti ya nusu alama isikupe homa. Tazama wepesi kama mashine yako ni ya diski ya kuzunguka, na tazama ni mara ngapi programu imeita faili safi kuwa ni virusi. Antivairasi inayopiga kelele ovyo humfundisha mwenye nyumba kubonyeza "ruhusu" bila kusoma.

Tazama pia bei ya mwaka wa pili. Makampuni haya hupenda kukupa mwaka wa kwanza kwa nusu bei, kisha kadi yako ikakatwa bei kamili bila kuulizwa. Zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo unayonunua.

8. Ya bure nayo ina mwenyewe

Antivairasi huona kila faili na, mara nyingi, kila ukurasa unaoutembelea. Kwa hiyo ujue ni nani umempa ruhusa hiyo. Mwanzoni mwa 2020 ilifichuka kwamba Avast ilikuwa ikiuza taarifa za matembezi ya wateja wake mtandaoni kupitia kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot. Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ni za kampuni moja, Gen Digital, hivyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kubadilisha mwenye nyumba.

Kaspersky, ambayo imeenea sana madukani kwetu, ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa hofu ya serikali ile juu ya Urusi. Alama zake maabara zilikuwa nzuri miaka yote. Kama ni ya kukufaa au la, hilo ni suala la imani yako kwa wamiliki, na ni haki yako kulipima.

9. "Kompyuta yako ina virusi 5!"

Kijidirisha kinachojitokeza kona ya chini kulia, kikiwa na nembo ya McAfee au Norton ambayo hata hujawahi kuiweka, karibu kila mara hutoka kwenye kivinjari. Uliwahi kufungua tovuti ya filamu au matokeo ya mpira, ikakuuliza kama inaweza kukutumia arifa, ukabonyeza "Allow" ili uendelee. Tangu hapo inakutisha mara kadhaa kwa siku ili ununue, au upakue kitu kibaya zaidi.

Dawa yake ni ya dakika moja. Kwenye Chrome nenda Settings, "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", kisha ondoa kila tovuti usiyoijua kwenye orodha ya walioruhusiwa. Waelekeze na wazazi nyumbani. Mama aliyeona maandishi mekundu yenye nembo kubwa ana kila sababu ya kuogopa, na wanaotuma hayo wanategemea hofu hiyo.

10. Fayawoli: hakikisha imewashwa, kisha iache ifanye kazi

Antivairasi inakagua faili. Fayawoli inachuja mawasiliano: nani wa nje anaruhusiwa kugonga mlango wa kompyuta yako kupitia mtandao. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kiliingia kwenye kompyuta za Windows XP bila mtu kubonyeza chochote. Kuwa mtandaoni tu kulitosha. Mwaka uliofuata Microsoft ikaiwasha fayawoli ya XP kwa kila mtu kupitia Service Pack 2, na imebaki hivyo kwa Windows zote. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichovuruga hospitali za Uingereza na kufika nchi zaidi ya 150, kilisambaa kwa njia ya namna hiyohiyo, kupitia mlango namba 445, kwenye mashine ambazo hazikuwekewa sasisho lililotoka Machi mwaka huohuo.

Kwa nyumbani huna haja ya kununua fayawoli. Unachohitaji ni kujibu vizuri swali moja. Unapounganisha mtandao mpya, Windows hutaka kujua kama ni wa umma au wa faragha. Wi-Fi ya hoteli, hosteli, mgahawa au ofisi ya mtu mwingine: umma, "Public", bila kufikiri mara mbili. Ya nyumbani kwako, unayoijua nywila yake na wote wanaoitumia, iwe "Private" ikiwa mnashirikiana printa au folda. Vinginevyo nayo iache umma, hutakosa kitu. Dirisha likitokea kuuliza kama programu fulani iruhusiwe kupokea mawasiliano, na hujui programu hiyo ni nini, bonyeza "Cancel". Kuperuzi hakutaathirika.

Fayawoli ya Windows kwa kawaida haizuii vinavyotoka. Ukitaka kuona programu gani inatuma nini, GlassWire hukuonyesha kwa grafu, na faida ya ziada ni kwamba utajua nani anakula bando lako usiku.

11. Badilisha nywila ya ruta

Ruta nayo inakukinga, lakini nyingi hukaa na jina "admin" na nywila "admin" tangu zitoke kwenye boksi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka ruta na kamera nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, weka yako, iandike kwenye daftari la nyumbani.

12. Kwa wa Mac na Linux

Mac ina ukaguzi wake wa ndani, XProtect, lakini fayawoli yake huja imezimwa. Iwashe kwenye System Settings, sehemu ya Network. Ubuntu nayo ina fayawoli iitwayo ufw ambayo haijawashwa: kwenye Terminal andika sudo ufw enable, imekwisha. Antivairasi ya ClamAV iweke ikiwa unapokea faili na kuwapelekea watu wa Windows.

13. Pesa uliyookoa, nunulia diski

Bei ya leseni ya antivairasi ya miaka miwili mitatu inakaribia diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na ningekushauri diski. Nakili picha, nyaraka na vyeti kila mwisho wa mwezi. Ukimaliza, ichomoe, kwa sababu virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa. Mara mojamoja ichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue faili mbili tatu, uone kama kweli zinafunguka.

Kwenye kompyuta yenyewe, washa pia "Controlled folder access" ndani ya Windows Security, chini ya "Ransomware protection". Huja imezimwa. Ikiwashwa, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha kitu kwenye folda zako za Documents na Pictures. Wiki za kwanza itakuzuilia na programu halali moja mbili. Ziruhusu kwa jina, moja baada ya nyingine, bila kuizima yote.